Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mkutano wa Watengenezaji wa Mfumo Endeshi, Kisumu

Tangu tutangaze kwamba tutakutana Kisumu, maswali yamekuwa yakija mfululizo, na mengi ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kirefu pale panapohitaji kirefu.

Huu ni mkutano wa nini hasa?

Ni siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, za watu wanaoandika au wanaotamani kuandika programu zinazokaa chini ya programu nyingine zote: kerneli (kiini cha mfumo endeshi), draiva (programu za kuendesha vifaa), mifumo ya mafaili, maktaba za msingi. Simu ya Android aliyo nayo mama mboga pale soko la Kibuye ina kerneli ya Linux ndani yake, mradi aliouanzisha Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991. Mama huyo hana haja ya kulijua hilo. Lakini kati yetu tuliosomea kompyuta, ni wangapi wamewahi kufungua msimbo huo wakausoma? Hapa Magharibi na Nyanza kuna vijana wengi hodari wa kutengeneza tovuti na programu za simu. Wanaogusa kilicho chini yake ni wachache mno, na sababu kubwa ni kwamba hakuna aliyewakalisha chini akawaonyesha mlango uko wapi.

Asubuhi tunasikiliza wazungumzaji. Kuanzia mchana tunakaa mezani tufanye kazi. Lengo letu ni moja: kila atakayekuja aondoke akiwa ametuma kiraka kimoja kwa mradi wa kweli, hata kama ni cha mstari mmoja.

Kwa nini Kisumu, si Nairobi?

Kwa sababu mikutano mingi ya teknolojia nchini hufanyika Nairobi, na nauli pamoja na malazi huwatoa nje watu tunaowataka zaidi. Mwanafunzi wa Maseno anapanda matatu asubuhi na kurudi jioni. Wa Kakamega vilevile. Wa Bondo, Eldoret na Njoro watalala usiku mmoja au miwili, lakini bado ni nafuu kuliko safari ya jiji kuu. Reli ilipofika hapa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, ndipo watu na bidhaa za pande zote za ziwa walipoanza kukutania hapa. Nasi tunakutania hapahapa.

Mimi si mtaalamu wa kerneli. Nije?

Njoo. Tunachoomba ni mambo matatu: uwe umewahi kuandika programu kwa lugha yoyote, uwe unaweza kutumia mstari wa amri bila woga, na uwe umesoma lugha ya C kidogo, angalau ukajua kielekezi (pointer) ni nini. Ukiwa na wiki chache kabla ya mkutano, pitia xv6, mfumo mdogo wa kufundishia uliotengenezwa na walimu wa chuo cha MIT cha Marekani kwa kufuata toleo la 6 la Unix, mfumo wa zamani ambao Linux iliiga. Unasomeka wote, mwanzo hadi mwisho, na mtu mmoja anaweza kuubeba kichwani. Kerneli ya Linux, yenye zaidi ya mistari milioni 30, hakuna binadamu anayeijua yote. Hata wanaoisimamia kila mmoja anajua shamba lake.

Ni lazima niwe mtu wa Linux?

Hapana. FreeBSD, NetBSD na OpenBSD, mifumo mingine ya ukoo wa Unix, zina meza yao, na watu wa Minix, mfumo mdogo wa kufundishia, wanakaribishwa. Mmoja wetu huendesha seva za FreeBSD kwa kazi yake ya kila siku na atakaa hapo siku zote mbili. Tusichotaka ni ule ubishi wa nani bora. Unamaliza saa nzima na hauzai hata mstari mmoja wa msimbo.

Hicho kiraka mnachokisisitiza ni nini?

Swali hili ndilo moyo wa mkutano, kwa hiyo nitalijibu taratibu.

Kiraka ni faili ndogo ya maandishi inayoeleza mabadiliko: mistari hii iondoke, mistari hii iingie, na juu yake maelezo ya kwa nini. Fundi cherehani hashoni shati upya kwa sababu ya tundu moja. Anatia kiraka. Mifumo mikubwa hujengwa hivyo, kiraka juu ya kiraka, kila kimoja kikiwa kidogo kiasi cha kukaguliwa na mtu mmoja bila kuchoka.

Nitatoa mfano unaotokea kwetu. Umenunua modemu ya USB kwenye duka la simu mtaani. Unaichomeka kwenye laptopu yenye Linux, na kimya. Mara nyingi draiva ya kuiendesha ipo tayari ndani ya kerneli. Kinachokosekana ni kwamba draiva haiijui modemu hiyo. Kila kifaa cha USB kina namba mbili za utambulisho, moja ya mtengenezaji na moja ya bidhaa, na amri ya `lsusb` itakuonyesha. Ndani ya kerneli kuna faili iitwayo `drivers/usb/serial/option.c`, na sehemu kubwa ya faili hiyo ni orodha ndefu ya namba za modemu. Namba za modemu yako zisipokuwamo, draiva inaipita kama mtu asiyejuana naye.

Unaweza kuijaribu bila kukompaili chochote, yaani bila kugeuza msimbo kuwa programu: ukiwa na mamlaka ya `root`, yaani ya msimamizi wa mashine, unaandika namba hizo mbili kwenye `/sys/bus/usb-serial/drivers/option1/new_id`. Modemu ikiamka, basi umeshajua dawa. Kiraka chako kitakuwa mstari mmoja au miwili katika orodha ile, pamoja na maelezo mafupi ya kifaa. Kikikubaliwa, modemu hiyo itafanya kazi kwa kila mtu duniani atakayetumia toleo lile na yanayofuata, na jina lako litabaki katika historia ya mradi. Mtu wa Busia au wa Lima atachomeka modemu yake na haitamsumbua. Mimi jambo hilo hunigusa kila nikilifikiria.

Baada ya kuandika mabadiliko, unapitisha kiraka kwenye `checkpatch.pl`, chombo kinachokagua mtindo wa uandishi. Kisha `get_maintainer.pl` inakuambia ni nani wa kutumiwa. Kerneli ya Linux bado hupokea viraka kwa barua pepe, na barua hiyo lazima iwe maandishi matupu. Hapa ndipo wengi wetu hukwama. Kiraka changu cha kwanza kilikuwa cha kusahihisha neno katika nyaraka. Nilikinakili kwenye ukurasa wa barua pepe wa kivinjari, nafasi zote za kichupo (tab) zikageuka kuwa nafasi za kawaida, na kiraka hakikuweza kubandikwa. Nilijibiwa kwa upole nikitume tena kwa `git send-email`, amri ya Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo. Jioni nzima ya Ijumaa tutakaa na kila mtu mmoja mmoja hadi amri hiyo ifanye kazi kwenye laptopu yake. Hakuna atakayelala bila kujitumia barua ya majaribio yeye mwenyewe.

Ile sahihi ya "Signed-off-by" ina maana gani kisheria?

Ni mstari wenye jina lako na barua pepe yako, unaowekwa mwishoni mwa maelezo ya kiraka. Ukiuweka unakiri kwamba una haki ya kutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi. Utaratibu huu ulianza kutumika kwenye Linux mwaka 2004. Usiuchukulie kama pambo. Ikiwa umeajiriwa, soma mkataba wako kwanza, maana huenda unachoandika, hata usiku nyumbani, ni mali ya mwajiri. Omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kuja. Kuhusu jina, tumia lile unalojulikana nalo. Otieno, Nekesa na Cherono yana nafasi pale sawa na jina lingine lolote, na huna haja ya kujitafutia jina la kizungu ili usikilizwe.

Nikituma kisha nisijibiwe?

Subiri. Wasimamizi ni watu wenye kazi nyingi, na kerneli ina mzunguko wake: toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi hivi. Wiki mbili za kwanza za mzunguko ni dirisha la kupokea mambo mapya yaliyokwisha kukaguliwa, na zinazobaki ni za kurekebisha hitilafu. Ukituma kiraka kipya katikati ya zile wiki mbili, huenda kikakaa. Subiri wiki moja au mbili, kisha ukumbushe kwa adabu.

Ukijibiwa kwa kukosolewa, hiyo ni habari njema: mtu ameketi akakusoma. Sisi tuliolelewa kumheshimu mkubwa tunaona ugumu kumjibu mkaguzi mashuhuri kwamba amekosea. Mjibu. Toa sababu zako kwa heshima, onyesha matokeo ya majaribio, na ukiona yeye ndiye aliye sahihi, sema hivyo, urekebishe, utume toleo la pili.

Mazungumzo yatakuwa kwa lugha gani?

Kiswahili na Kiingereza, kwa hiari ya mzungumzaji, ila tunawahimiza wazungumzaji wajaribu Kiswahili. Mtu akiweza kueleza jambo la kerneli kwa lugha anayonunulia samaki, basi amelielewa.

Mfano ni ile sehemu ya kerneli inayoamua programu ipi itumie prosesa sasa na ipi ingoje. Sisi tunaiita mgawa zamu. Kila aliyewahi kupanga foleni ya mitungi kwenye kisima anaelewa tatizo lake papo hapo: mwenye mtungi mmoja na mwenye mitungi kumi wote wana haki ya maji, na mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kungoja kama wengine. Linux ilitumia mgawa zamu aitwaye CFS kuanzia mwaka 2007, aliyejaribu kumpa kila mtu sehemu sawa. Mwaka 2023, katika toleo la 6.6, akaingia EEVDF, ambaye pamoja na usawa huangalia pia nani ana haraka. Mazungumzo mazima ya asubuhi ya Jumamosi yatakuwa juu ya kisima hicho.

Maneno mengine tunayotumia: kufuli kwa kinachozuia michakato miwili isiguse kitu kimoja kwa wakati mmoja, mkwamo kwa hali ambapo kila mmoja anamngoja mwenzake afungue kwanza, katizo kwa kifaa kinapomkatiza prosesa kumwambia jambo. Ukiwa na neno bora zaidi, lilete. Tutakuwa na ubao wa maneno mlangoni.

Ratiba inasema saa tatu. Ni saa tatu ipi?

Saa tatu asubuhi ya Kiswahili, yaani 09:00 kwenye simu yako. Mwaka mmoja mgeni alinijia saa tisa alasiri kwa sababu nilimwandikia saa tatu naye akasoma namba peke yake. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo naandika zote mbili.

Lakini swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, na tumelitengea kipindi. Kompyuta za ukoo wa Unix huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 usiku wa manane kwa saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Hapa kwetu ilikuwa saa tisa usiku. Mifumo ya biti 32 huhifadhi hesabu hiyo kwenye chombo kisichoweza kuzidi 2,147,483,647, na chombo kitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa yetu. Baada ya hapo hesabu hugeuka kuwa hasi na kompyuta hudhani ni mwaka 1901. Kerneli ya Linux ilikamilisha kazi kubwa ya kuondoa tatizo hilo katika toleo la 5.6 la mwaka 2020, lakini vifaa vidogo vya zamani, vyenye programu zilizokompailiwa kitambo, bado vipo vingi. Kama kazini kwenu kuna mita, lango au mashine ya kuhesabu yenye Linux ya biti 32, njoo na maelezo yake.

Utajifunza pia kwamba katika jedwali la majira linalotumiwa na mifumo karibu yote, Kampala na Dar es Salaam huelekezwa kwa mstari wa Africa/Nairobi. Saa yenyewe unaipata kwa jedwali hilo. Namna tunavyoitamka sisi, tukianza kuhesabu jua linapochomoza, ni kazi ambayo programu nyingi bado hazijaifanya, na ipo nafasi kwa mtu mwenye subira.

Nilete laptopu ya aina gani?

Yoyote inayowaka. Wengi wetu tunatumia mitumba yenye RAM ya gigabaiti 4 au 8, na mkutano umepangwa kwa mashine hizo. Ukitumia mipangilio kamili ya usambazaji wa kawaida wa Linux, kama Debian, kukompaili kerneli kwenye laptopu nzee kunaweza kuchukua masaa na kuijaza diski. Ukitumia `make localmodconfig`, unakompaili zile moduli tu ambazo mashine yako inazitumia sasa, na kazi inapungua sana. Weka ccache pia, ili ukirudia usianze upya.

Kerneli utakayoitengeneza hutaiwasha juu ya laptopu yenyewe siku ya kwanza. Utaiwasha ndani ya QEMU, mashine ya kuigiza ambayo Fabrice Bellard aliianzisha mwaka 2003. Ikianguka, unafunga dirisha na kuanza tena. RAM ikiwa ndogo, tutakuonyesha zram, ambayo hubana kurasa za kumbukumbu ndani ya RAM yenyewe badala ya kuzipeleka diskini. Acha angalau gigabaiti 30 za nafasi, na tafadhali weka nakala ya mafaili yako muhimu kabla ya safari.

Intaneti itatosha?

Itatosha kwa barua pepe na kusoma. Haitatosha ikiwa watu wote watashusha historia yote ya kerneli kwa pamoja, maana ni gigabaiti kadhaa kwa kila mmoja. Tutaweka seva ndogo ukumbini yenye nakala za Linux, FreeBSD, xv6 na vifurushi vya Debian, nawe utachukua kwa waya au kwa Wi-Fi ya ndani bila kugusa bando lako. Ukitaka kuanza nyumbani, tumia `git clone --depth 1`, ambayo huleta hali ya sasa bila historia.

Na stima ikipotea?

Ukumbi una jenereta, na seva yetu ina betri yake. Jioni za Kisumu radi hutoka ziwani kwa kishindo, kwa hiyo betri ya laptopu ije imejaa, na kama una ekstensheni yenye kinga, ibebe.

Tungeweza kuishia hapo, lakini kupotea kwa stima ni somo la mfumo endeshi ambalo watu wa hapa wanalijua kwa maumivu. Umeandika ripoti, ukaihifadhi, taa zikazimika, na ulipowasha ukakuta faili ni tupu. Imekuwaje? Ulipobonyeza kuhifadhi, kerneli iliipokea data na kuiweka kwenye RAM kwanza, ikisubiri wakati mzuri wa kuiandika diskini, kwa sababu kuandika kidogokidogo ni polepole. Huenda ikangoja sekunde kadhaa, pengine hadi thelathini. Ext4, mfumo wa mafaili uliotangazwa kuwa imara mwishoni mwa mwaka 2008, huweka daftari la mabadiliko ili muundo wa diski usivurugike stima ikikatika. Lakini kwa kawaida daftari hilo hulinda muundo, si kila neno uliloandika. Programu inayotaka uhakika lazima iite `fsync`, yaani iiombe kerneli iandike data diskini sasa hivi, na ingoje jibu.

Waandishi wengi wa programu za maduka, za kliniki na za vyama vya akiba hawaiti `fsync`, na wengine huiita mara nyingi mno hadi mashine inazorota. Ijumaa mchana tutakata umeme kwa makusudi kwenye mashine za kuigiza, mara kwa mara, na kuhesabu nini kilibaki na nini kilipotea. Ukiandika programu inayoshika pesa au rekodi za wagonjwa, usikose kipindi hiki hata ukikosa vingine vyote.

Nimegundua udhaifu wa usalama. Niutangaze jukwaani?

Usiutangaze. Wapelekee kwanza wahusika kwa siri. Miradi mikubwa ina njia maalumu ya kupokea taarifa hizo, na tangu Februari 2024 mradi wa kerneli ya Linux wenyewe ndio unaotoa namba za CVE, yaani namba za kutambulisha udhaifu wa usalama, za hitilafu zake. Ukishapewa ruhusa au hitilafu ikisharekebishwa, tutafurahi kukusikia. Na tafadhali kumbuka kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini. Jaribu kwenye mashine yako. Mtandao wa ukumbi, wa hoteli au wa jirani si uwanja wa mazoezi, na atakayekiuka ataombwa kuondoka.

Ninataka kuzungumza. Nitume nini?

Ukurasa mmoja. Sema tatizo lilikuwa nini, ulijaribu nini, kilitokea nini. Tunapenda mazungumzo ya dakika ishirini yaliyojaa kitu kimoja kuliko ya saa nzima yanayogusa kila kitu. Habari ya kushindwa inakaribishwa ikiwa umeelewa kwa nini ulishindwa. Hatupokei matangazo ya bidhaa. Ukiwa hujawahi kusimama mbele ya watu, andika hivyo kwenye ombi lako na tutakupa mtu wa kufanya naye mazoezi kabla ya siku.

Kuna ada?

Kuingia ni bure. Ni lazima ujiandikishe mapema, kwa sababu viti vinahesabika. Ukijiandikisha kisha ukakwama, tujulishe ili mwingine apate nafasi.

Nifikeje?

Kutoka Nakuru, matatu na shatoli za Kisumu hupitia Kericho na Ahero. Ondoka asubuhi, maana mvua ya Kericho hupenda alasiri. Kutoka Kakamega unashuka kwa Chavakali na Mbale. Kutoka Busia unapitia Ugunja, Luanda na Maseno, ambapo unavuka mstari wa ikweta. Kutoka Nairobi kuna mabasi ya mchana na usiku, na ndege kwa wanaoweza. Kutoka stendi hadi ukumbini, ulio upande wa Milimani, chukua tuktuk au bodaboda, na mpatane bei kabla ya kupanda.

Wanaotoka Uganda na Tanzania hawahitaji kibali cha kielektroniki cha kusafiri. Wageni wa nchi nyingine nyingi wanahitaji, na wakiombe mtandaoni siku kadhaa kabla ya safari. Soketi zetu ni za pini tatu za mraba kama za Uingereza, volti 240.

Nilale wapi?

Nyumba za wageni za bei ya wastani ziko nyingi Milimani na katikati ya mji. Tutawatumia waliojiandikisha orodha ya tulizozitembelea wenyewe. Wanafunzi wakitaka kulala watano watano ili kupunguza gharama, tutawaunganisha, wavulana kwao na wasichana kwao. Popote utakapolala, hakikisha kuna neti. Malaria ya ukanda wa ziwa haina mzaha, hasa kwa anayetoka nyanda za juu.

Chakula?

Mchana kuna ngege (samaki wa ziwani), ugali na mboga za kienyeji, na ndengu na wali kwa wasiokula samaki. Nyama yote ni halali. Chai ya saa nne iko. Jioni unajitegemea, lakini sisi huenda Dunga, ufukweni, na mazungumzo bora niliyowahi kuyasikia kuhusu kufuli za kerneli yalifanyika pale, mbele ya sahani ya samaki.

Nina mtoto mchanga. Nina kiti cha magurudumu. Ninaogopa kuwa mwanamke pekee.

Kuna chumba cha kunyonyeshea chenye runinga inayoonyesha jukwaa, na mama wa kuangalia watoto wakati wa vipindi. Ukumbi uko ghorofa ya chini, na vyoo vinafikika. Kuhusu hofu ya mwisho, naijua: nimekaa kwenye vyumba vya namna hiyo, na najua uchovu wa kuulizwa kama umekuja kusajili wageni. Nusu ya wasimamizi wa meza zetu ni wanawake. Mtu yeyote akikusumbua kwa maneno, kwa mkono au kwa ujumbe, mwambie yeyote mwenye utepe wa kijani shingoni. Tutakuamini kwanza, na tutashughulikia siku hiyohiyo.

Mtapiga picha?

Ndiyo, ila si kila mtu. Ukichukua utepe mwekundu, hutapigwa. Data tunayoichukua kwenye fomu ni jina, mawasiliano na mahitaji yako ya chakula, na itafutwa mkutano ukiisha, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotutaka tusihifadhi kisichohitajika.

Nataka siku moja niende kwenye mikutano mikubwa ya nje. Nianzie wapi?

Anza kwa kuitazama. FOSDEM ya Brussels, mkutano wa programu huria unaofanyika karibu na mwanzo wa Februari, ni bure na hurushwa moja kwa moja mtandaoni. Linux Plumbers, iliyoanza mwaka 2008, ndipo watu wa kerneli hukaa kukata mashauri magumu. BSDCan, mkutano wa watu wa BSD, hufanyika Ottawa tangu 2004. DebConf, mkutano wa Debian, huhama nchi kila mwaka, na mwaka 2016 ulifanyika Cape Town. Hiyo iwakumbushe wanaodhani mambo haya hayafiki Afrika.

Kuhusu pesa: DebConf hutoa ufadhili kwa wanaouomba, Wakfu wa FreeBSD una misaada ya safari, na Linux Foundation vilevile. Wanaofadhili huangalia kazi yako kwanza. Hapa ndipo kiraka chako cha Kisumu kitakapokusaidia, kwa maana kitakuwa hadharani, na tarehe yake, na mazungumzo yako na mkaguzi.

Kuhusu viza, anza mapema kuliko unavyofikiri. Ombi la viza ya Schengen, ya nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na ni kosa kungoja wiki za mwisho. Omba barua ya mwaliko mara tu unapokubaliwa. Nimeona vijana wawili hodari wakikosa safari, si kwa kukosa sifa, bali kwa kuomba wamechelewa. Iliniuma, na ni sababu mojawapo ya mkutano huu kuwapo: mtu asingoje muhuri wa ubalozi ili aanze kufanya kazi hii.

Nisipomaliza kiraka changu kwa siku mbili?

Wengi hawatamaliza. Ndiyo maana Jumamosi zinazofuata, kuanzia saa nne asubuhi, yaani 10:00, meza moja itabaki wazi kwenye ukumbi uleule, na mmoja wetu atakuwepo hadi saa kumi jioni, yaani 16:00. Njoo na laptopu na ile barua ya mkaguzi uliyoshindwa kuielewa.